Mkato Hauna Jina: Mitindo ya Mtaani ya Zamani Ndani ya Nguo Tunazovaa Leo

Jaketi fupi la nailoni la kijani, lenye kola ya kufumwa na mikono inayobana kwenye kifundo cha mkono, siku hizi linavaliwa na kila aina ya mtu. Ukiangalia mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, utakuta kifuko kidogo chenye zipu na vijumba vya kuchomekea kalamu. Wengi walio na jaketi hilo hawajawahi kukifungua. Kiliwekwa kwa ajili ya marubani, kwa sababu jaketi lenyewe, MA-1, lilikuwa vazi la jeshi la anga la Marekani katika miaka ya 1950. Kola ya manyoya ya majaketi yaliyotangulia iliondolewa kwa kuwa iligombana na mikanda ya mwavuli. Baadaye bitana ikawa ya rangi ya chungwa, ili rubani aliyeanguka aligeuze ndani nje na waokoaji wamwone kwa mbali. Kutoka jeshini likaingia kwenye maduka ya mabaki ya kijeshi, likachukuliwa na vijana wa Uingereza walionyoa vichwa, likafika kwa wanamuziki wa hip hop, halafu kwa wabunifu wa Ulaya. Kila aliyelipokea alilipatia maana mpya, ila kifuko cha kalamu hakuna aliyekigusa.

Kazi yangu ni ubunifu wa mavazi, na katika ubunifu huo moyo wangu uko kwenye kukata. Watu wakizungumzia mchango wa mtaa katika mitindo hutaja rangi, nembo, nywele na hereni. Hivyo ni vitu vya kuonekana, na hupita. Kilichodumu zaidi ni mkato, yaani namna kitambaa kilivyopangwa mwilini. Tena vijana wa mtaani hawakuanza na kitambaa kitupu. Walichukua nguo ya mtu mwingine, awe askari, kibarua, mwanamichezo au tajiri, wakaivaa isivyokusudiwa. Mbunifu anayeiga matokeo bila kuelewa hatua hiyo hutoa nguo isiyo na uti wa mgongo.

Kwa muda mrefu wasomi waliamini kwamba mitindo hushuka tu. Mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1904 kwamba tabaka la juu huanzisha mtindo, la chini huuiga, na la juu likishaona limeigwa hukimbilia kingine. Kwa zama zake alikuwa na hoja nzito. Lakini karne ya 20 ilipoendelea, safari ilianza kwenda upande wa pili pia, na vijana wasio na fedha wakawa ndio wanaowatangulia wenye fedha.

Chukua suti ya zoot. Ilivaliwa miaka ya 1930 na 1940 na vijana Weusi wa Harlem, New York, na vilevile na vijana wenye asili ya Mexico huko Los Angeles, Wafilipino na wengine waliohesabiwa kuwa si kitu. Koti lilishuka hadi karibu na magoti, mabega yamejazwa pedi, kiuno kimeingia ndani. Suruali ilipanda juu ya kitovu, ikafumuka kwa marinda mapana mapajani na magotini, kisha ikabana ghafla kwenye kifundo cha mguu. Ukiikata mwenyewe ndipo unapoielewa. Upana wa magoti unampa mchezaji nafasi ya kurusha mguu na kuchuchumaa bila mshono kuachia, na ule ubano wa chini unazuia pindo lisikanyagwe wala kunasa kwenye kisigino. Ilikatwa kwa ajili ya ukumbi wa dansi. Marinda nayo yana kazi: mvaaji akisimama yanafunga, akipiga hatua yanafunguka, na mwendo wake unaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, serikali ilibana matumizi ya sufu, na suti inayokula kitambaa kiasi hicho ikaanza kutazamwa kama usaliti. Baadhi ya mafundi waliendelea kuishona kichinichini. Juni 1943 mabaharia na wanajeshi waliingia mitaani Los Angeles, wakawapiga vijana waliovaa zoot na kuwavua nguo hadharani, huku polisi wakiwakamata mamia ya vijana haohao waliopigwa. Kila nikiona suruali pana yenye marinda kwenye majukwaa ya maonyesho ya sasa, nakumbuka kwamba kuna watu walivuliwa suruali ya namna hiyo kwa nguvu. Kwa upande wa ufundi, wabunifu wengi wa leo wamechukua upana wakaacha ubano. Matokeo yake pindo linaburuta sakafuni na mguu unapotea, na suruali iliyozaliwa kwa ajili ya kucheza inamlazimisha mvaaji atembee kwa tahadhari.

Miaka michache baada ya vita, Uingereza ilishuhudia kisa ambacho Simmel angekifurahia, ingawa kilimpindua. Mafundi wa Savile Row, mtaa wa washona suti wa London, walijaribu kufufua mavazi ya enzi ya Mfalme Edward wa Saba kwa ajili ya maofisa na mabwana wa London: koti refu, kola ya mahameli, suruali nyembamba. Vijana wa tabaka la wafanyakazi wakauchukua mtindo huo, wakauongezea viatu vya soli nene ya krepu na nywele zilizopakwa mafuta, na mapema miaka ya 1950 wakajulikana kama Teddy boys. Mabwana wakaukimbia. Hapa tabaka la juu lilinyang'anywa nguo kabla halijamaliza kuivaa, na jina lililobaki kwenye historia ni la vijana wale.

Jaketi la ngozi linastahili kutazamwa kwa kituo, kwa sababu ndilo linaloigwa vibaya kuliko yote. Mwaka 1928 Irving Schott wa New York alitengeneza jaketi la waendesha pikipiki akaliita Perfecto. Zipu yake haiko katikati, imelala upande. Dereva akiinama juu ya tangi zipu haimchomi tumboni, na ngozi mbili zinazopandana kifuani hukinga upepo. Mgongoni, nyuma ya mabega, kwenye toleo lake maarufu kuna mikunjo iliyofichwa inayofunguka mikono inaponyoshwa kushika usukani, na kwapani kuna kipande cha ziada kinachozuia jaketi lisipande. Hayo yote ni hesabu za mwili ulioketi na kuinama. Sasa tazama majaketi mengi ya bei rahisi ya leo: zipu imelala vilevile, lakini mgongo umekatwa bapa na kwapa halina kitu. Ukinyosha mikono, jaketi zima linapanda hadi mbavuni. Wamenakili mstari wa zipu wakaacha sababu yake.

Aliyeliingiza koti jeusi la ngozi kwenye mitindo ya juu kabisa ni Yves Saint Laurent, akiwa bado kijana mdogo katika kampuni ya Dior. Mwaka 1960 alionyesha mkusanyiko uliotokana na vijana waliovaa nguo nyeusi mitaani na mikahawani, ukiwa na jaketi la ngozi ya mamba lililozungushiwa manyoya. Wateja wa Dior walichukizwa. Mwaka huohuo aliitwa jeshini na nafasi yake ikachukuliwa na Marc Bohan. Naamini aliona mapema kuliko wenzake wote kwamba wateja wa kesho wangetaka kufanana na vijana wale. Kosa, kama tutaliita hivyo, lilikuwa kuwauzia mama zao.

Maana ya vazi nayo haina mwenye nayo wa kudumu. Buti la Dr. Martens lilianza kutengenezwa Uingereza tarehe 1 Aprili 1960, likitumia soli yenye hewa iliyobuniwa na daktari Mjerumani, Klaus Märtens, na likauzwa kama kiatu cha kazi kwa vibarua na wasambaza barua. Mwishoni mwa muongo huo likawa la vijana walionyoa vichwa, ambao mtindo na muziki wao ulikopa mengi kutoka kwa vijana wahamiaji wa Jamaika. Baadaye sehemu ya kundi hilohilo ikajiunga na wabaguzi wa rangi, wakati wengine wenye buti zilezile walikuwa wakiupinga ubaguzi huo. Mbunifu anayekopa kutoka hapo lazima ajue anakopa kwa nani.

Punk, vijana waasi wa muziki wa miaka ya 1970, walikuwa na falsafa ya sindano na mkasi. Katika duka lao la nambari 430 King's Road, London, Vivienne Westwood na Malcolm McLaren waliuza fulana zilizochanwa, suruali zenye mikanda inayounganisha mguu na mguu, na nguo zilizoshikwa kwa pini za usalama. Kufikia mwaka 1977 mbunifu Mwingereza Zandra Rhodes alikuwa ameshapeleka matundu na pini kwenye magauni ya bei ghali. Mwaka 1994 mwigizaji Elizabeth Hurley alitokea London na gauni jeusi la Versace lililofungwa ubavuni kwa pini kubwa za dhahabu, na picha zake zikazunguka dunia. Wapo wanaolilaani gauni lile kuwa ni wizi wa roho ya punk. Mimi ninalitetea kwa sababu ya kiufundi: pini zile zimeshika pande mbili za kitambaa zisiachane, kama pini ya kijana wa mwaka 1976 ilivyoshika shati lililochanika. Zina uzito wa kubeba. Pini inayobandikwa kifuani juu ya kitambaa kizima, isiyoshika chochote, hiyo ndiyo inayonikera.

Grunge, mtindo uliozaliwa pamoja na muziki wa roki wa jina hilo, ilipata pigo la aina yake. Vijana wa Seattle na vitongoji vyake walivaa mashati ya drafti ya flaneli, sweta zilizolegea na jinzi zilizochakaa, nyingi zikiwa za mitumba. Nguo zilikuwa rahisi na zilitia joto. Mwishoni mwa 1992 mbunifu Marc Jacobs, akifanya kazi katika kampuni ya Perry Ellis, alionyesha mkusanyiko wa msimu wa 1993 uliofuata mtindo huo, na baadhi ya drafti zile alizichapa juu ya hariri. Alifukuzwa kazi. Robo karne baadaye, mwaka 2018, alizitoa upya nguo nyingi za mkusanyiko uleule, safari hii kwa kusherehekewa. Nikiuangalia kama mkataji naona jambo moja alilofanya vizuri sana: alielewa kupandanisha, yaani shati juu ya gauni, sweta juu ya shati, kila tabaka likiwa na urefu wake. Hilo ndilo tunaloliona hadi leo kila mahali. Hariri nayo ilimwangusha. Flaneli ni nzito na huanguka kwa uvivu, hukaa ilipowekwa. Hariri huteleza na kushika mwili, kwa hiyo shati lililofungwa kiunoni linapoteza ule uzembe uliokuwa uzuri wake.

Wapo pia waliofanya kinyume kabisa cha kuchanachana. Wasapeur, yaani watanashati wa Brazzaville na Kinshasa, walichukua suti na viatu vya wabunifu wa Paris, wakajiwekea sheria zao, maarufu ikiwa ile ya kutozidisha rangi tatu katika vazi moja. Mbunifu Mwingereza Paul Smith aliupeleka mtindo wao kwenye jukwaa lake katika mkusanyiko wa 2010, baada ya kuona picha zao zilizopigwa na Daniele Tamagni. Suti ya waridi yenye kofia nyekundu ilirudi Ulaya ikiwa imejifunza kitu.

Suala la nani analipwa ndilo linaloniumiza zaidi. Mwaka 2000 Louis Vuitton iliitishia Supreme, chapa ya wacheza skeitibodi wa New York, kwa sheria kwa kutumia mfano wa nembo yake. Mwaka 2017 kampuni hizohizo mbili zikatoa mkusanyiko wa pamoja. Supreme ilikuwa na nguvu ya kusubiri. Daniel Day, anayejulikana kama Dapper Dan, hakuwa nayo. Alifungua duka lake Harlem, mtaa wa 125, mwaka 1982. Alichapa nembo za kampuni za kifahari juu ya ngozi, akakata makoti na majaketi mazima kwa ajili ya wanamuziki wa rap na wanamichezo, wakati ambapo Louis Vuitton ilikuwa bado inauza mabegi na masanduku. Mkusanyiko wa kwanza wa nguo wa Louis Vuitton ulikuja mwaka 1998. Wenye nembo walimwandama, na mwaka 1992 duka likafungwa. Kisheria nembo haikuwa yake, hilo halibishaniwi. Lakini wazo la kumvika mtu nembo kuanzia bega hadi goti lilitoka kwenye meza yake ya kukatia, na mkato haulindwi kama nembo inavyolindwa.

Mei 2017 Gucci ilionyesha jaketi lenye mikono iliyovimba kama puto, lililofanana mno na lile alilomshonea mkimbiaji Diane Dixon mwaka 1989. Watu waliweka picha mbili hizo pamoja mitandaoni, na kelele zikawa kubwa. Intaneti hii inayomaliza mtindo wa vijana kabla hawajauzoea, kwa kuupeleka madukani ndani ya wiki chache, ndiyo hiyo iliyohifadhi ushahidi. Gucci ikaingia naye mkataba, na mwaka 2018 akafungua tena karakana Harlem, safari hii vitambaa vyenye nembo vikiletwa na wenye nembo. Ndivyo ninavyotaka kuona ikifanywa na kila kampuni inayokopa kwa watu walio hai: jina la aliyebuni kwenye lebo, na fungu lake kwenye mauzo, tangu siku ya kwanza, bila kusubiri kelele za watu.