Zamu Imekabidhiwa, Mzigo Umebaki kwa Nani?

Saa moja asubuhi, katika wodi ya afya ya akili, wauguzi wawili wanakabidhiana zamu. Wanahesabu wagonjwa, funguo, mikasi, na dawa za kabati lenye kufuli. Kila kitu kinaandikwa kitabuni. Kisha aliyekesha anabeba mkoba wake, anavuka barabara kutafuta daladala. Aliyoyabeba moyoni hayakuhesabiwa.

Mwaka wangu wa tatu kazini, mgonjwa aliyesikia sauti zikimwambia nimemwekea sumu kwenye uji alinipiga ngumi ya taya. Tulimtuliza, nikaandika: "Mgonjwa aliamka na fujo, amechomwa sindano, amelala." Asubuhi hakuna aliyeniuliza kitu. Nilipanda gari la Mbagala, nikapitiliza vituo viwili, nikashuka silii wala sihisi chochote. Miezi iliyofuata nikajikuta nimeacha kuwaita wagonjwa kwa majina. Walishakuwa "yule wa kitanda cha nne" na "yule msumbufu".

Ndivyo unavyoanza uchovu wa kupindukia wa kazi. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, linaueleza kuwa ni matokeo ya msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa, na halikuuhesabu kuwa ugonjwa. Una sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuona anachofanya hakina tija. Mimi naihofia zaidi hiyo ya pili. Katika kazi yetu ukaribu ndio nusu ya tiba, na muuguzi aliyejitenga hawezi kumshawishi mgonjwa mwenye hofu ameze dawa.

Mara nyingi tunaambiwa tuvumilie, uuguzi ni wito. Ni wito, nakubali, ila mwili wa aliyeitwa nao unahitaji usingizi.

Wodini kwetu tuliongeza swali moja wakati wa kukabidhi: "Na wewe, usiku wako umekuwaje?" Linachukua dakika mbili. Mtu anaweza kujibu "salama" akaondoka, au akavuta kiti. Kukiwa na fujo, aliyeumizwa anapimwa kama mgonjwa mwingine yeyote, anapewa chai, mwenzake anamshikia zamu, na jioni anapigiwa simu. Hatumlazimishi kusimulia tukio zima palepale. Tafiti zimeonyesha kuwa kumkalisha mtu mara moja na kumtaka aeleze kila kitu hakumkingi na madhara ya baadaye, na wengine huwaumiza zaidi. Akitaka kusema, asikilizwe, bila kutaja mgonjwa mbele ya wasiohusika.

Sasa usingizi, na hapa nasema na familia pia. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, umakini wake hushuka karibu sawa na wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Ukiwa zamu ya usiku, kikombe cha mwisho cha chai au kahawa kiwe kabla ya saa tisa usiku. Vaa miwani ya jua njiani, kwa kuwa mwanga wa asubuhi huuambia ubongo kumekucha. Nyumbani funga pazia zito, washa feni, zima simu. Nanyi mlio nyumbani, mama akirudi kutoka zamu ya usiku, kwake saa nne asubuhi ni usiku wa manane. Asitumwe gengeni wala asiamshwe kwa kikao cha harusi eti "si yupo ndani".

Kibarua cha pili kwenye zahanati ya mtaani najua kinatokana na kodi ya nyumba na ada za watoto, sitamlaumu mtu. Ninachoomba ni kimoja: siku 28 za likizo ya mwaka ambazo sheria inakupa, angalau nusu yake usiwe na kazi nyingine.

Lakini kuna uchovu ambao likizo haiuondoi. Ukikaa wiki mbili au zaidi huna furaha na chochote, unaamka alfajiri na kukosa usingizi tena, unajiona huna thamani, au mawazo ya kufa yanakupitia, hiyo inaweza kuwa sonona na inahitaji matibabu. Hayo ya kufa usiyasubirishe hata siku moja. Usijitibu kwa pombe wala kwa vidonge vya usingizi alivyokupa mwenzako dirishani pa dawa. Najua kinachotuzuia: tunaogopa kuonekana kwenye foleni ileile tunayoihudumia. Kwa hiyo sisi viongozi wa wodi tumpangie mwenzetu kimyakimya aonwe hospitali nyingine, na zamu zake tuzigawane bila kumuuliza kwa nini.