Mawe Hayaoti Shambani: Dhana Potofu Wanazopewa Watoto Kuhusu Miamba, Madini, Visukuku na Udongo

Watoto wa umri wa chekechea huokota mawe bila kuagizwa na mtu, huyapanga, huyalamba na kuyaficha mifukoni. Wanapouliza yametoka wapi, majibu ya wakubwa mara nyingi si sahihi, na kwa kuwa huyasikia mapema, majibu hayo huwaganda hadi wanapoketi kwenye somo la jiografia sekondari. Dhana zinazochambuliwa hapa ni zile ambazo, kwa maoni yangu, huanzia nyumbani na katika darasa la awali.

Iliyoenea kuliko zote ni kwamba mawe huota. Mkulima huyaondoa shambani msimu huu na msimu ujao huyakuta tena, naye mtoto aliye pembeni huelewa kwamba jiwe humea kama muhogo. Ukweli ni kwamba mvua imechukua udongo wa juu na jembe limefukua, hivyo mawe yaliyokuwa chini yamebaki wazi. Hata hivyo, si vyema kumwambia mtoto kwamba hakuna kitu cha jamii ya mawe kinachoongezeka, kwa sababu fuwele za madini huongezeka kweli. Mzazi anaweza kukoroga chumvi katika maji ya moto hadi isiweze kuyeyuka tena, akayamimina maji hayo kwenye sahani na kuyaacha juani. Baada ya siku chache zitabaki punje zenye pande za mraba, ambazo ndizo fuwele, na kadiri maji yanavyokauka polepole ndivyo punje zinavyokuwa kubwa. Jambo hilohilo hutokea katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo na Lindi. Tofauti ambayo mtoto wa miaka mitano anaweza kuishika ni kwamba mmea una uhai na hujijenga wenyewe, ilhali fuwele huongezewa tabaka kwa nje tu, wala haina uhai.

Wengine hudhani kwamba mawe yote yamekuwapo hivyohivyo tangu mwanzo wa dunia. Kila jiwe lina asili yake. Majabali ya Mwanza ni matale (graniti) yaliyotokana na ujiujoto, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, ulioganda chini sana ardhini zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Hakuna jitu lililoyapandisha moja juu ya jingine: mwamba ulipasuka kwa mistari ukiwa bado umefunikwa, maji yakamomonyoa pembe zake, kisha udongo ulioufunika ukaondoka. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zina habari nyingine kabisa, kwa kuwa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mabaki ya mifupa ya wanyama wadogo wa baharini. Mahali ambapo chokaa imebanduka, mtoto anaweza kuona mapambo ya nyota na vitundu walimoishi wanyama hao. Mwamba wa matumbawe wa pwani ya Kenya, ambao leo uko nchi kavu, ulijengwa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati maji yalipokuwa juu kuliko sasa.

Kwa hiyo mtoto wa pwani ameegemea visukuku, yaani mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa mwambani, tangu alipojifunza kutembea, nasi tunaendelea kumwambia kwamba visukuku ni mifupa ya dinosaria iliyoko Ulaya. Mifupa iliyoko Ulaya nayo mingine ilitoka kwetu. Kati ya 1909 na 1913, katika kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, Wajerumani walichimbua mabaki yenye umri wa miaka milioni 150 hivi. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wenyeji chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho jijini Berlin, na kimo chake kinazidi mita 13.

Kisukuku pia si lazima kiwe mfupa. Nyayo za Laetoli, karibu na Ngorongoro, zilibaki kwa sababu viumbe waliotembea kwa miguu miwili walikanyaga majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua, nayo yakawa magumu na kufunikwa na majivu mengine. Mtoto akikanyaga udongo wa mfinyanzi uliolowa, kisha ukaachwa ukauke, ataelewa bila maelezo mengi. Nyayo hizo zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi, wakati dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Watu hawakuwahi kukutana nao, licha ya katuni zinavyoonyesha. Hakuna haja ya kumkaririsha mtoto mamilioni hayo. Mpangilio unatosha: dinosaria kwanza, watu baadaye sana.

Kuhusu madini, wengi hutaja dhahabu, almasi na tanzanite, kana kwamba kisichouzwa ghali si madini. Chumvi ni madini, magadi ya Ziwa Magadi ni madini, na hata weusi wa penseli ni grafiti. Vipande vinavyometameta kwenye mchanga wa mtoni kwa kawaida ni ulanga, ambao hubanduka kwa kucha kuwa magamba membamba, jambo ambalo dhahabu haifanyi.

Dhana kwamba mawe yote huzama ina kasoro moja ya kupendeza. Jiwe la povu la volkano limejaa matundu ya gesi na huelea. Baada ya mlipuko wa 1883 wa Krakatoa, volkano ya Indonesia, mawe ya namna hiyo yalivuka Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Mwisho ni udongo, unaoitwa uchafu. Udongo ni mchanganyiko wa chembe za miamba, mabaki ya mimea na wanyama, maji, hewa na viumbe hai wengi mno, na wekundu wake hutokana na madini ya chuma. Ukitiwa katika chupa ya maji na kutikiswa, mchanga hutua kwanza, kisha chembe laini zaidi, na mfinyanzi huchelewa hata siku nzima. Tahadhari ya minyoo ni ya kweli: mtoto avae viatu, anawe kwa sabuni, wala asile udongo, hata ule uuzwao sokoni.

Ikitokea mtoto akaona kitu kinachofanana na mfupa ndani ya mwamba, wapo wanaodhani aliyekiokota ndiye mwenyewe. Tanzania inalinda visukuku kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Kiachwe kilipo, kipigwe picha, na taarifa ifikishwe kwa maofisa wa mambo ya kale au makumbusho.