Ndege Mmoja Anayezunguka: Dhana Potofu Kuhusu Kutafuta Samaki kwa Kufuata Ndege

"Penye ndege wengi ndipo penye samaki wengi."

Dhana hii imeunguza mafuta mengi kuliko nyingine zote. Ndege mia mbili waliotua majini na kujichokoa manyoya wanaweza kuwa wameshiba tangu asubuhi. Wakati huohuo frigeti mmoja, yule mweusi mwenye mkia wa panda na mbawa zinazozidi mita mbili, anazunguka peke yake juu sana na hakuna chomboni anayemtazama. Mimi ningemfuata huyo. Manyoya yake hayastahimili kulowa, kwa hiyo hatui majini wala hapigi mbizi. Akitafuta samaki, hunyakua kile tu kinachofika juu ya maji. Akishuka ghafla, akasita, akapanda na kushuka tena, huenda chini yake kuna fulusi, jodari au nduaro anayewakimbiza samaki warukao.

Kinachosomwa ni mwendo, si idadi. Ndege anayepiga mbawa kwa mpigo uleule, shingo mbele, yuko safarini. Akiinamisha kichwa anatafuta, akizunguka ameona, akijitupa anakula. Buabua, ndege wadogo wa baharini, wakiruka chini karibu na maji, samaki wako juu. Wakipanda na kutawanyika, samaki wamezama. Kundi linalokimbia mbele bila kutulia kwa kawaida lina jodari au sehewa chini yake. Wakiganda mahali pamoja, tafuta gogo au takataka inayoelea, maana fulusi hupenda kivuli chake.

"Ndege wanamla samaki tunayemtafuta."

Wanakula dagaa na ngisi wadogo. Buabua hawezi kufika zaidi ya kina kifupi mno, hivyo anamhitaji jodari awasukume hao wadogo kutoka chini. Samaki wadogo wanabanwa pande zote mbili, na ndege ni nusu tu ya habari hiyo.

"Ukiwaona, kata katikati yao."

Hapa hata manahodha wazoefu hukosea, kwa sababu moyo hukimbia kuliko injini. Chombo kikipita juu ya kundi, samaki huzama na ndege hutawanyika. Ulichokifuata umekivunja mwenyewe. Punguza mwendo ukiwa bado mbali, uangalie kundi linaelekea wapi, kisha zunguka kwa upana utangulie mbele yake. Pita pembeni ili chambo, si chombo, kikatize ukingo wa kundi. Wa kurusha kwa mkono azime injini upande unakotoka upepo, aache upepo umsogeze. Tena angalia ndege wenyewe: wanaojitupa hunasa kwenye ndoana au kujizonga kwenye mshipi. Wakianza kukivamia chambo chako, kivute ndani.

"Wakitua, kazi imekwisha."

Si lazima. Mara nyingi wamekaa juu ya samaki waliozama kwa muda, wakingoja wapande tena. Dakika chache za kusubiri kimya ni rahisi kuliko saa nzima ya kutafuta kundi jingine.

"Ndege hutegemea macho tu."

Albatrosi na jamaa zake hunusa. Viumbe wadogo wanapokula mimea midogo ieleayo baharini, hutoka gesi iitwayo dimethili salfaidi, na baadhi ya ndege hawa huifuata kama sisi tunavyofuata harufu ya jikoni. Macho nayo yana kazi yake: ndege hutazamana, na mmoja akijitupa, wengine walio mbali humjia. Mtu ambaye macho yake yako mita 3 juu ya maji ana upeo wa kilomita 6 hivi. Ndege aliye mita 100 juu anaona hadi kama kilomita 36. Ndiyo maana meli kubwa za jodari hutumia rada kutafuta makundi ya ndege.

"Shakwe ni ishara kama ndege wengine."

Shakwe wanaofuata meli ya uvuvi wanafuata mabaki yanayotupwa. Waache.

"Pasipo ndege hapana samaki."

Samaki upanga hushinda mchana mamia ya mita chini, ambako hakuna ndege atakayemwona. Jodari pia huweza kukaa kina kirefu bila kurusha hata tone juu. Anga likiwa tupu, fuata mstari ambapo rangi ya maji inabadilika, au povu na mwani uliokusanywa na mikondo, huku darubini ikibaki shingoni.