Rangi ya Pinki Kwenye Mbegu Inaishia Wapi?

Ukidondosha mbegu za mahindi za dukani shimoni, mbili mbili, ukifika mwisho wa mstari vidole vimeshageuka pinki. Rangi ile imewekwa makusudi ikuonye kwamba mbegu imepakwa dawa, si chakula. Msimu huu mama mmoja alinionyesha viganja vyake akauliza: "Mwanangu, hii ikishaingia ardhini inakwenda wapi?" Kazi yangu ni udongo, na swali hilo hunikosesha raha.

Nyingi ya dawa hizi za wadudu ni za jamii ya neonikotinoidi: imidaklopridi, thiamethoksamu, klothianidini. Zinayeyuka kwenye maji, ndiyo maana mizizi huzinyonya na mche mzima ukawa sumu kwa mdudu anayeufyonza. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, Marekani, walipopima mahindi yaliyotokana na mbegu zenye klothianidini, kiasi kikubwa kabisa walichokikuta ndani ya mmea kilikuwa asilimia 1.34 ya kilichopakwa.

Tupige hesabu. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, hekta moja hula mbegu kama 53,000. Kila mbegu ikibeba miligramu 0.5, umefukia gramu 26 na ushee. Inayoingia kwenye mahindi haifiki hata nusu gramu.

Nyingine inabaki shambani, tena haina haraka ya kuondoka. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imetaja siku 148 hadi 1,155 kwa nusu ya klothianidini kupotea, kutegemea udongo. Thiamethoksamu nayo ikivunjika hutoa klothianidini ileile. Mboji huishika kiasi. Kwenye udongo wa kichanga mvua huishusha chini au kuipeleka mtoni. Iliyobaki karibu na mizizi hunyonywa na magugu, nayo yakichanua nyuki huyatembelea. Kila nyuki akimeza nanogramu 4 hivi (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu), nusu ya kundi linalopimwa hufa.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha soya, huko Pennsylvania, Marekani. Koa walikula miche yenye thiamethoksamu wasidhurike, kwa kuwa dawa hiyo haiwawezi. Mbawakavu waliowala koa hao ndio waliopooza au kufa. Shamba likakosa walinzi wake, koa wakastawi, na mavuno yakashuka kwa asilimia 5. Mkulima alikuwa amenunua kinga!

Nilimwambia mama mbegu zilizobaki asiwape kuku, wala asizioshe akasage, bali azihifadhi kwenye pakiti yake mbali na watoto. Kisha nikamuuliza ni mdudu gani humsumbua. "Viwavijeshi," akasema, "mahindi yakinifika magotini." Kwenye vipimo vya Purdue, dawa ndani ya mmea ilishuka kwa kasi ndani ya siku 20 hivi tangu kupanda. Mahindi yanapofika magotini, sehemu kubwa ya dawa aliyoilipia iko kwenye udongo chini ya miguu yake.