Kutoka mchoro wa vita hadi askari wa kuchezea: nini cha kunakili, nini cha kuhakiki

Fundi wa Dar es Salaam anayetaka kutengeneza seti ya askari wa kuchezea mara nyingi huanza na mchoro wa vita alioupakua kwenye simu. Si vibaya. Picha za kamera za mwaka 1914 nyingi ni za watu waliosimamishwa wakatulia. Mchoro ndio unaoonyesha mwili ukikimbia, ukiinama, ukianguka. Ila mkao pekee ndio wa kuuamini kwenye mchoro, tena kwa tahadhari. Nguo na silaha zihakikiwe kwingine, na rangi itiliwe shaka.

Chukua farasi. Wachoraji wengi wa Ulaya kabla ya 1878 waliwachora wakienda mbio huku miguu yote minne imenyooshwa hewani, miwili mbele na miwili nyuma. Picha za kamera za mpiga picha Eadweard Muybridge za mwaka huo zilithibitisha kwamba farasi hakimbii hivyo. Ukimnakili, utakosea mwendo, na pia atahitaji nguzo chini ya tumbo ili asimame.

Michoro ya Ethiopia ya vita vya Adwa (1896) ina kanuni nyingine. Wahabeshi huchorwa uso mzima, macho mawili yakionekana, na Waitaliano huchorwa kwa upande, jicho moja. Hiyo ni desturi ya uchoraji wa kanisa ya kuwatenga waovu. Asiyeijua atatengeneza jeshi zima la Waitaliano waliogeuza shingo. Upande mmoja pia hutawala mchoro wa Lady Butler, mchoraji Mwingereza, wa vita vya Rorke's Drift huko Afrika Kusini (1880): Waingereza wamejaa turubai, Wazulu karibu hawaonekani. Seti itakayotokana nao haina adui wa kucheza naye, na Wazulu itabidi uwatafute kwenye picha za kamera na ngao zilizohifadhiwa makumbusho.

Halafu mchoro hauna mgongo. Mkanda unapita wapi nyuma, mfuko wa maji unaning'inia upande gani, hutaviona. Kwa bahati, pale makutano ya mitaa ya Samora na Azikiwe jijini Dar tuna Sanamu ya Askari ya shaba, iliyozinduliwa 1927. Izunguke polepole na daftari, chora mikanda kutoka pande nne. Kumbuka tu kwamba huyo ni askari wa upande wa Waingereza. Askari wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza wengi walianza na bunduki ya Mauser ya 1871: haina magazini, inapakiwa risasi moja moja, na baruti yake nyeusi hutoa wingu la moshi. Kwa hiyo mkao wa kweli kwa askari huyo ni mkono kwenye komeo la bunduki, risasi moja kati ya vidole.

Kipimo kilichozoeleka ni milimita 54 kwa mtu mzima, yaani 1 kwa 32. Sentimita 10 za kweli huwa milimita 3 na ushee. Bunduki ya mita 1.3 itakuwa milimita 41, sawa. Lakini mtutu wake ukiupunguza kwa uaminifu unakuwa nusu milimita na utavunjika siku ya kwanza. Unenepeshe hadi milimita 1.5, kisha uugandishe begani au kifuani. Nafasi iliyo wazi kati ya bunduki na mwili ndiyo inayonasa kwenye kalibu (umbo la kumiminia) na kuipasua.

Rangi: vanishi ya michoro ya mafuta huwa ya njano ikizeeka, buluu ikaonekana kijani na nyeupe ikawa ya krimu. Mchoro wa Rembrandt, mchoraji Mholanzi, wa 1642 uliitwa “Doria ya Usiku” kwa sababu ya giza la vanishi iliyozeeka. Uliposafishwa miaka ya 1940 ilionekana ni mchana. Usichote rangi moja kwa moja kwenye skrini. Na kwa kitu kidogo, ongeza nyeupe kidogo kwenye kila rangi, la sivyo khaki itaonekana kama matope.

Kwa kumimina, rezini ya poliesta, ile ya fiberglasi ya boti, inavumilia hewa ya Dar kuliko ya poliyurethani, ambayo ikipata unyevu hutoa povu. Askari mmoja na kitako chake (kibao anachosimamia) hula mililita 6 hivi, kiasi kidogo mno kupimia kigandisho. Changanya gramu 100 za rezini na gramu 1 ya kigandisho, ujaze kalibu kumi na mbili kwa mkupuo. Ukiweka gramu 2 kwenye joto la Februari, itaganda kikombeni. Mimina kupitia kitako, kichwa kikiwa chini. Hewa hukwama kwenye viwiko na kitako cha bunduki, hivyo chonga hapo mifereji ya milimita 1 ya kuitolea. Fanya kazi nje au madirisha yakiwa wazi. Harufu yake ni kali na mvuke wake unadhuru.

Wengine huuliza kuhusu kusubu madini. Askari wa kuchezea wa kampuni ya William Britain ya London, waliotoka 1893, walikuwa wa madini ya risasi (ledi), tupu ndani. Usiige hilo, na usiyeyushe risasi ya betri za magari kwa ajili ya mwanasesere yeyote: ni sumu kwa mtoto anayemtia mdomoni na kwako unayevuta moshi wake. Bati (madini ya tin, si mabati ya paa) huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, linatosha. Kalibu iwe kavu kabisa, maana tone moja la maji likikutana na bati la moto hugeuka mvuke ghafla na kulirusha usoni. Na seti yenye bunduki na visu vidogo isipewe mtoto wa chini ya miaka 3.