Kisichosemwa ndicho kinachobeba hoja: kuchambua safu ya maoni yenye upande

Safu ya maoni inayoegemea chama haifichi upande wake, wala haina sababu ya kuuficha. Kwa hiyo anayeanza uchambuzi kwa kuandika "mwandishi huyu anapendelea" bado hajachambua kitu. Kazi yenyewe ni kuonyesha jinsi makala inavyomvuta msomaji hadi pale inapomtaka, na hasa ni jambo gani msomaji anatakiwa akubali kimyakimya ili avutike. Katika kila safu mimi hutafuta hilo kwanza, kwa sababu likishapatikana mengine mengi hujieleza.

Soma makala mara ya kwanza bila kalamu, ujue inakugusa wapi. Mara ya pili, tia namba kila sentensi. Safu ya maneno 800 huwa na sentensi kama 40 hadi 60, kwa hiyo ni kazi ya dakika chache. Namba zitakuwezesha kusema "dai hili linarudi katika sentensi ya 6, ya 19 na ya 41" badala ya "mwandishi anajirudia". Kisha tafuta dai kuu. Aghalabu halimo katika sentensi ya kwanza. Hukaa aya ya pili au ya tatu, au hucheleweshwa hadi mwisho. Liandike kwa maneno yako yasiyozidi 20, kwa namna ambayo mwandishi mwenyewe angelikubali kuwa ni lake. Kichwa cha makala usikitegemee: katika magazeti mengi huwekwa na mhariri, na mara nyingi ni kikali kuliko makala yenyewe.

Sasa weka herufi pembeni mwa kila sentensi: U kwa ushahidi unaoweza kukaguliwa, T kwa tathmini, D kwa dai la nini kifanyike, K kwa kuikiri hoja ya upande wa pili. Sentensi yenye mambo mawili ipewe herufi mbili. Hizo zenye UT ndizo za kukodolea macho. "Serikali ilipandisha ushuru bila aibu" ina tukio linalothibitika (ilipandisha) na hukumu (bila aibu), na hukumu imepita mlangoni kwa kibali cha tukio. Hakuna uwiano sahihi wa herufi hizi, kwa hiyo usiutafute. Tazama zimekaa wapi. U zikijaa mwanzoni halafu zikatoweka pale dai kuu linapotokea, umelipata pengo.

Tuchukue aya niliyoitunga kwa zoezi hili:

"Kwa miaka 3 wananchi wamelia kuhusu ushuru wa mafuta, na serikali imeziba masikio. Waziri alidai kwamba fedha hizo zitajenga barabara. Barabara gani? Viongozi wanaowajali watu wao wangeuondoa ushuru huu kesho asubuhi. Hawa wetu wanauongeza."

Anza na sentensi mbili za mwisho. Hitimisho lake halikuandikwa, lakini kila msomaji amelisikia: viongozi hawa hawawajali watu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kueleza, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba msemaji hana haja ya kutaja lile wasikilizaji wanalolijua, kwani wao wenyewe hulijazia. Hoja ya namna hiyo huitwa enthimema. Nguvu yake inatoka hapo hapo: neno ulilolijaza mwenyewe hulioni kama la mwandishi, unaliona ni lako, na mtu habishani na wazo lake.

Lakini usiishie kwenye hitimisho. Uliza ni sharti gani linahitajika ili hitimisho lisimame. Hapa sharti ni kwamba hakuna sababu yoyote ya heshima ya kuubakiza ushuru huo. Anayeubakiza hana huruma, basi. Liandike sharti hilo kwa sentensi kamili na ulitazame peke yake. Likisemwa waziwazi, wafuasi wengi wa mwandishi wangesita kulitia sahihi. Ndiyo maana halikusemwa.

Sasa "Barabara gani?" Hili ni swali la balagha, na jibu linalotarajiwa ni "hakuna". Dawa yake ni kulijibu kama swali la kawaida. Ipo orodha ya miradi? Ipo bajeti? Kama jibu lipo na linapatikana, swali lilikuwa pazia. Kama halipo, basi swali lilikuwa halali, na uchambuzi wako lazima useme hivyo.

Kiswahili kina vifaa vyake vya kazi hii, na mchambuzi anayetumia miongozo ya lugha nyingine huvipita bila kuviona. Cha kwanza ni kauli za kitenzi. "Waziri aliuvunja mkataba", "mkataba ulivunjwa" na "mkataba ulivunjika" zinaweza kuelezea tukio moja. Ya kwanza ina mtenda. Ya pili inakiri kwamba mtenda yupo ila haimtaji. Ya tatu inamfuta kabisa, kana kwamba mkataba ulikuwa chungu kilichoanguka. Chora jedwali dogo: mambo mabaya ya upande wa mwandishi yameandikwa kwa kauli gani, na ya wapinzani kwa kauli gani? Safu ambayo wenzake "makosa yalitokea" na wapinzani "walikosea" imejieleza bila tusi hata moja.

Cha pili ni vitenzi vya kusema. Kudai, kueleza, kukiri, kusisitiza, kujitetea: kila kimoja kinampa msemaji hadhi tofauti. Neno "alidai" moja halithibitishi lolote, maana ni la kawaida kwa jambo lisilothibitishwa. Hesabu. Kama wa upande mmoja "alidai" mara 5 na wa upande wa pili "alifafanua" mara 4, huo ni mpangilio unaoweza kuuonyesha. Neno "eti" halihitaji hata kuhesabiwa. Linamnyang'anya msemaji ukweli kabla hajafungua kinywa.

Cha tatu ni viambishi. "Tu-" katika "tumechoka" ni nani? Fuatilia kila "tu-" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi katika sentensi ya 5 inabeba raia wote, kufika ya 30 inabeba wafuasi wa chama tu, na msomaji amevushwa bila kuulizwa. Tazama pia viashiria ("hawa wetu", "huyo") na udunishaji: sababu zikigeuka "vijisababu", hoja ya mpinzani imeshapunguzwa kimo kabla ya kuelezwa.

Sehemu ya kukiri, zile sentensi za K, huchunguzwa kwa kupindua. "Ni kweli ushuru umeleta fedha za hospitali, lakini umewaumiza maskini." Geuza: "Ni kweli ushuru umewaumiza maskini, lakini umeleta fedha za hospitali." Mambo ni yale yale, safu ni nyingine kabisa, kwa sababu uzito hukaa baada ya "lakini". Uangalie pia kama hoja iliyokiriwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote za wapinzani au ni ile dhaifu inayopigika kirahisi.

Takwimu zinastahili kalamu yao. Kodi ikitoka asilimia 4 hadi 6, anayeipinga ataandika kwamba imepanda kwa asilimia 50, na anayeitetea ataandika kwamba imepanda kwa pointi 2. Wote wawili wamesema kweli. Kwa hiyo daima tafuta msingi wa hesabu, na mwaka ilipoanzia. Mwaka 1981 wanasaikolojia Tversky na Kahneman walichapisha jaribio kuhusu ugonjwa wa kubuni unaotarajiwa kuua watu 600. Walioambiwa kwamba mpango mmoja utaokoa watu 200 kwa hakika waliuchagua kwa asilimia 72. Kundi jingine lilielezwa mpango huo huo kwamba watu 400 watakufa, ukachaguliwa kwa asilimia 22. Hakuna aliyedanganywa. Mchambuzi anayekagua ukweli wa takwimu tu angeyaacha maelezo yote mawili yapite.

Uchambuzi huharibika kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni kuona hisia na kupiga kelele kwamba ni hila. Hasira juu ya jambo linalostahili hasira ni sehemu halali ya hoja; swali ni kama ukubwa wake unalingana na ushahidi uliotolewa. Ya pili ni kubandika majina ya makosa ya kimantiki. Ukiandika "hapa anamshambulia mtu badala ya hoja", umefunga mlango mapema: kama mjadala wenyewe ni iwapo mtu huyo anaaminika kushika fedha za umma, rekodi yake ndiyo hoja. Ya tatu ni kusoma nia. Hujui mwandishi alitaka nini. Unajua sentensi yake inafanya nini. Andika "sentensi ya 12 inamfuta mtenda", usiandike "mwandishi anataka kutuficha".

Ya nne ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu haionekani kwa mwenye nayo. Katika safu ya upande unaoupenda, sharti lililofichwa hulioni, maana unaishi ndani yake. Nia njema haitoshi hapa, inahitajika mbinu. Badilisha majina: weka chama cha pili mahali pa cha kwanza, mawaziri wao mahali pa wenu, acha vitenzi na vivumishi vilivyo, halafu soma tena kwa sauti. Sentensi itakayokukera baada ya kubadilisha na haikukukera kabla, itie duara. Kwa kawaida sharti liko ndani ya sentensi hizo au jirani yake. Njia ya pili ni kumpa mtu wa upande mwingine orodha yako ya masharti na kumwuliza umesahau lipi.

Unapoandika matokeo, maneno 400 yanatosha kwa safu ya maneno 800. Weka dai kuu, sharti lisilosemwa, kisha mifano 3 au 4 yenye namba za sentensi, ikinukuliwa nzima ili msomaji asikutegemee wewe. Taja pia pale makala ilipokuwa na nguvu ya haki, pamoja na namba ya sentensi yake.