Maji ya Mto: Tunavyodhani na Yalivyo

"Maji yanayotembea hayana uchafu."
Mkondo hausafishi, unahamisha. Bakteria hupungua kwa jua, kwa kuzama na kwa kuliwa na vijidudu wengine, lakini kazi hiyo huchukua siku, na kinyesi kipya huingia kabla haijaisha. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unateremka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Ukishaingia mjini, hapana nafasi ya kujisafisha.

"Uchafu ni wa mjini, wa kijijini ni mto safi."
Kinachotofautiana ni chanzo. Mjini ni mabomba ya majitaka yanayovuja na vyoo vinavyotapishwa usiku mvua ikinyesha. Kijijini ni watu kujisaidia vichakani, na ng'ombe wanaokunywa wakiwa wamesimama majini. Gramu moja tu ya kinyesi kibichi cha ng'ombe huweza kubeba E. koli, bakteria wa utumbo wanaoonyesha kuwa kuna kinyesi, laki kadhaa. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja katika mililita 100. Kwa kawaida mto wa mjini hupimwa mchafu zaidi, ila wa kijijini ndio unaochotwa na kunywewa moja kwa moja.

"Mvua kubwa husafisha mto."
Kinyume chake. Maji ya kwanza hukokota kila kilicholala juu ya ardhi, na hutibua tope la chini ambamo bakteria hudumu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana sampuli za kiangazi pekee hudanganya. Hata sampuli yenyewe ina masharti: chupa iliyotakaswa, mdomo ukielekea maji yanakotoka, kina cha sentimita 30 hivi, kisha kasha la barafu na maabara ndani ya saa 6. Chupa ikipigwa jua kwenye bodaboda, bakteria hufa au huzaana, na jibu si la mto tena.

"Yameshatiwa shabu, yameng'aa, kunywa tu."
Shabu huteremsha tope pamoja na sehemu ya bakteria, si wote. Faida yake kubwa ni kuandaa maji kwa klorini, maana tope huila dawa kabla haijafika kwa vijidudu. Acha yatulie, mimina ya juu, chuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne, tia kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa lita 20, funika dakika 30. Usiposikia hata harufu kidogo ya klorini, huenda dawa imeliwa yote.

Kriptosporidiamu, kimelea kinachotoka sana kwa ndama, hakifi kwa klorini hiyo. Hapo ni kuchemsha: yatokote kwa nguvu dakika 1, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Vipovu vya chini ya sufuria bado si kuchemka. Kisha hifadhi kwenye ndoo yenye koki, kwa sababu kikombe kinachochovywa pamoja na vidole hurudisha kinyesi ndani.